Simu ya Tano

Simu zilizokuwa juu ya meza zililia kwa mpigo mmoja. Kenga alizipokea moja moja, akafungua spika zake na kuzipanga mbele ya Inspekta Kahaso Mwaro. Hazikusema kitu.

"Sikiliza, afande," alisema Kenga. "Hapa ndipo alipokuwa akisema."

"Nani?"

"Marehemu Sufyan. Sauti yake ndiyo iliyoibwa."

Kahaso aliinamia simu iliyokuwa karibu naye. Alisikia uwazi wa laini tu, kisha mlio mfupi, kisha simu ikakatika. Kwenye kompyuta ya Kenga mistari ya kijani iliteremka, ukafuata mmoja mwekundu, na chini yake maneno: simu tano zimelia, tano zimepokelewa, sauti haikupatikana, jaribio limeshindwa.

Katika utumishi wake Kahaso alikuwa amepeleleza wizi wa ng'ombe, wa mabati, wa mchanga, hata wa kengele ya kanisa. Wizi wa sauti ya mtu aliyekwisha kuzikwa ulikuwa mgeni kwake. Koplo Kiprop, aliyefuatana naye, alikuwa amekwama kwenye fomu yake, nafasi ya thamani ya mali, akijikuna kisogo kwa kalamu.

Jengo lenyewe lilikuwa limemtia Kahaso unyonge tangu alipovuka kizingiti. Zamani lilikuwa kiwanda cha kuchambulia pamba. Baba yake, mzee Mwaro, alikuwa akileta pamba yake hapa kutoka Magarini, magunia yamepandana kwenye lori na Kahaso juu yake, vumbi mpaka kwenye kope. Pale yalipo makabati ya mashine sasa palikuwa na mizani. Kabla ya gunia la kwanza baba alimpandisha yeye, na karani akatangaza kwa sauti ya kiserikali kwamba huyu ni daraja la kwanza, hana takataka. Watu wote wakacheka. Sasa pamba hakuna, karani hayupo, baba naye hayupo. Kahaso aliivuta pumzi akitafuta harufu ya mbegu za pamba, akapata baridi ya kiyoyozi. Machozi yalimlenga, akajisingizia mafua.

Na Sufyan alimjua. Alikuwa mume wa Raiya wa mtaa wa Shela, na nyumba ya Raiya ndiyo iliyompokea Kahaso alipoletwa mjini kusoma. Siku ya pili ya msiba alikwenda kuhani, akaketi na wanawake mkekani, akaondoka kabla ya kupata faragha na shoga yake.

"Nieleze kazi ya sauti hiyo," alisema.

Msimamizi wa Mradi wa Kando ya Mto, bwana Menza, alilegeza tai yake. Alikuwa mtu mnene, mwenye kutoa jasho hata ndani ya kiyoyozi.

"Tuna vipimo huko juu, mtoni Sabaki. Maji yakipanda, mashine hizi hupiga simu vijijini, maelfu ya simu. Sauti inawaambia watu wahame. Sauti ni ya Sufyan."

"Basi si mrekodi nyingine?" alidakia Kiprop. "Mtu yeyote aseme."

"Koplo, ukipigiwa na mtu usiyemjua, akakwambia utoke nyumbani kwako sasa hivi ukimbie, utafanyaje?"

"Nitakata."

"Kwa nini?"

"Matapeli hao."

"Ndivyo na wao watakavyofanya. Sufyan walimjua. Alikwenda kila kijiji, akakaa nao, akala nao, akawaambia, mkisikia sauti hii hameni, mkisikia nyingine yoyote ulizeni kwanza. Imeshawahamisha katika mafuriko mawili, na hakufa mtu."

Kahaso hakuhitaji kushawishiwa. Mama yake mzazi, Bi Sidi, anaishi bondeni kule, shamba lake linaishia majini. Mwaka uliopita Kahaso alimpigia yeye mwenyewe kumwonya, mama akamkata maneno: ameshaambiwa na yule mwanawe wa simu, na yuko njiani na mbuzi wake. Kahaso alicheka siku ile, ingawa iliuma kidogo kuona inspekta mzima anashindwa na mtambo.

"Maji yako wapi sasa?"

"Yamepita kipimo cha juu jana. Kesho alfajiri yatakuwa bondeni." Menza alijifuta shingo. "Na mashine hizi hazipigi simu hata moja kijijini mpaka jaribio lifaulu. Tulizifunga hivyo makusudi, zisije zikatangaza uongo."

Kahaso alitazama saa ya ukutani. Kwa sauti nyingine, hata ya binti yake, mama asingeondoka. Sauti ile irudi leo, ama mama yake na majirani zake walale na maji.

"Kenga," alisema. "Nieleze kama unavyomweleza mtu aliyesoma sheria tu. Kazi yako hapa ni ipi?"

Kenga alikuwa kijana wa Matsangoni, mwembamba, mwenye mazoea ya kusema na mashine zaidi ya watu.

"Mashine hizi zimeunganishwa, zinafanya kazi kama moja. Ndiyo klasta. Kabla ya mvua tunazijaribu. Kila jaribio tunalifungia ndani ya kontena, yaani kikasha cha programu chenye kila kitu kinachohitaji. Kikasha kinaingia kwenye klasta, kinakagua. Umeme upo? Vipimo vinasikika? Simu zinatoka? Sauti ipo? Kikimaliza kinatupwa."

"Kinaingiaje?"

"Kwa ruhusa. Ndiyo kazi niliyopewa wiki hii, kuandaa ruhusa hizo. Kuna jina tunalotumia, Mpimaji, nalo lina ufunguo wake wa siri. Mwenye ufunguo anaingia kama Mpimaji."

"Aliyeondoa sauti aliingia kwa jina gani?"

Kenga alitazama viatu vyake. "Mpimaji."

"Ufunguo anao nani?"

"Mimi, afande."

Kiprop alinyanyuka kama mtu aliyesikia chakula kimeiva. Alikuwa ameshaongea na wataalamu wa uchunguzi wa kidijitali Mombasa. Wao walimwambia aliyeingia alitumia modemu ya mradi huu huu, jana, baada ya Magharibi.

"Jana baada ya Magharibi ulikuwa wapi?" aliuliza.

"Nyumbani, Matsangoni."

"Na nani?"

"Peke yangu. Mama alikwenda kwenye kwaya."

"Modemu ya ofisi unayo?"

"Ninayo."

"Sauti ya marehemu uliipenda?"

Kenga alisita, na Menza akamjibia. "Alitaka tuibadilishe. Alilalamika mbele ya wafanyakazi wote."

"Nililalamikia rekodi, bwana Menza, sikumlalamikia Sufyan! Aliirekodi nyumbani kwake. Ina jogoo ndani, afande. Mtu anatangaziwa mafuriko, katikati jogoo anawika."

Kiprop hakuona la kuchekesha. Alimshika Kenga mkono, na kabla ya adhuhuri kijana alikuwa mahabusu, amevuliwa mkanda na viatu.

Kahaso alikula chakula chake bila kukionja. Kesi ilikuwa imekaa sawa mno. Ufunguo upo, modemu ipo, ugomvi upo. Lakini mwizi gani anaiba, halafu asubuhi yeye mwenyewe ndiye anayepiga kelele za mwizi? Na zaidi ya hayo, aliyeingia alikuwa na uwezo wa kuvuruga klasta nzima, naye hakugusa chochote ila sauti ile.

Alimwita Kenga kwenye chumba cha mahojiano, akamsogezea chai.

"Huyu Mpimaji ni wewe uliyemtengeneza?"

"Hapana. Nilimkuta. Alitengenezwa na marehemu."

"Wewe ulifanya nini?"

"Nilimwongezea ruhusa. Zamani aliweza kutazama tu, na kuendesha jaribio moja kwa mwezi. Mimi nilitaka majaribio yajiendeshe kila nikirekebisha kitu. Kwa hiyo nikampa ruhusa ya kuandika na ya kufuta." Akainamisha kichwa. "Nilikuwa na haraka. Nilimfungulia milango mingi kuliko alivyohitaji."

"Na wiki hii umerekebisha mara nyingi?"

"Mara nyingi sana. Asubuhi, mchana, jioni. Hata usiku niliacha yajiendeshe."

"Na kila jaribio, simu zinalia?"

"Zinalia. Sauti inasema ni jaribio tu."

Kahaso aliisogeza kalamu, kisha akairudisha ilipokuwa. "Ufunguo wa kwanza, aliokuwa nao marehemu. Ulifutwa?"

Kijana alikizungusha kikombe cha chai.

"Kenga."

"Haukufutwa, afande. Arobaini yake haijatimia." Aliinua uso, akatazama pembeni tena. "Mimi Mkristo, lakini Menza aliposema tungoje, nilifurahi. Niliandika amri ya kumwondoa, zikabaki herufi za mwisho, mkono ukagoma. Niliona kama tunamzika tena, na safari hii ni sisi tunaomtupia mchanga."

"Kwa hiyo funguo ni mbili. Na ulipompa Mpimaji ruhusa ya kufuta, zote mbili zimepata."

Kenga aliweka kikombe chini taratibu. Ilionekana wazi kuwa hesabu hiyo hakuwa ameifikia.

"Ufunguo wa marehemu uko wapi?"

"Ndani ya kompyuta yake. Kompyuta na modemu yake vipo nyumbani kwake, Shela."

"Mali ya mradi. Hamkwenda kuvichukua?"

"Mjane yumo edani, afande! Nani angekwenda kubisha hodi nyumba yenye eda, aseme nimefuata kompyuta ya ofisi?"

Kahaso alifungua kinywa kumkaripia, akakifunga. Ukweli ni kwamba Nairobi wangeituma pikipiki siku ya pili, na mjane angeweka sahihi. Huku kwetu mradi mzima uliona haya. Naye Kahaso, kama angekuwa Menza, asingemtuma mtu.

Hapo ndipo yale maneno ya asubuhi yalipomrudia, yakiwa chini ya ule mstari mwekundu.

"Kenga, simu za majaribio ni ngapi?"

"Tano."

"Mezani kwako zilikuwa nne."

"Ya tano ni ya..." Kijana alikishika kichwa. "Ni ya nyumbani kwa Sufyan. Aliiweka mwenyewe, apate kujisikia anavyosikika. Afande, sikukumbuka. Wallahi sikukumbuka kabisa."

Mkristo wa Matsangoni akaapa Kiislamu bila kujijua, na Kahaso hakuwa na nafasi ya kumtania.

"Asubuhi zilipokelewa tano," alisema. "Kuna mtu aliipokea ile ya Shela, akasikiliza kimya mpaka mwisho."

Alimwamuru Kiprop amrudishie kijana mkanda wake na ampeleke kwenye mashine zake. Kisha akaenda Shela kwa miguu, peke yake.

Njia aliijua kwa nyayo. Hapa walikuwa wakipita na Raiya wakitoka shule, wakinunua maembe mabichi ya pilipili, wakila upesi yaishe kabla ya kufika kwa Bi Kamaria, mama yake Raiya, aliyesema maembe mabichi yanaoza akili za wasomi. Duka la maembe sasa linauza vifuniko vya simu. Bi Kamaria alishatangulia mbele ya haki. Lakini mlango ulikuwa ule ule, na kibaraza kile kile walikofanyia hesabu, Raiya akimfundisha mgawanyo mrefu kwa kumfinya kila akikosea. Kahaso alijikuta anasimama pale kama mgeni aliyesahau alichofuata.

"Hodi."

"Karibu. Nani?"

"Kahaso."

"Pita ndani. Niko peke yangu."

Raiya alikuwa ameketi juu ya mswala, amevaa nguo nyeupe zisizo na nakshi, bila hina wala wanja. Uso wake ulikuwa umepungua. Simu ilikuwa kwenye kiti mbele yake, juu ya kitambaa kilichokunjwa vizuri.

"Shoga yangu," alisema Raiya. "Umekuja kama nani?"

"Kama wote wawili. Ila nianze na afande, kwa sababu kuna kisichongoja."

"Haya. Kaa kitako."

Kahaso aliketi.

"Asubuhi simu hiyo ililia."

"Ililia."

"Ukaipokea."

"Nikaipokea."

"Ulisikia nini?"

"Kimya."

"Ulijua kwamba utasikia kimya?"

Raiya alikunja ncha ya mtandio wake, akaikunjua. "Nilijua."

"Kompyuta yake iko wapi?"

"Chini ya mto wangu."

"Aliyeingia klasta jana ni wewe."

"Ni mimi." Alisema bila kutetemeka, kama alivyokuwa akijibu maswali darasani. "Usimtafute mtu mwingine. Wala usidhani kuna aliyenifundisha. Mimi ndiye niliyesoma mambo haya Mombasa, umesahau? Macho ya Sufyan yalipoanza kufifia, mimi ndiye niliyekuwa macho yake. Yeye anasema, mimi naandika. Huyo Mpimaji tulimtengeneza sisi wawili, hapa, tukinywa kahawa."

"Kwa nini uliiondoa sauti?"

Nje mtu alipita akiuza mahamri, akaita, akaenda zake.

"Wiki za mwanzo palikuwa shwari," alisema Raiya. "Watu wanakuja, wanasoma, wanaondoka. Nalia, napoa. Kisha wiki hii, asubuhi, simu ikalia. Nikapokea. Akaniambia, jamaa zangu wa kando ya mto, mimi ni Sufyan, hili ni jaribio tu, msihame. Na jogoo wetu akawika nyuma yake. Jogoo tulimchinja siku ya hitima, Kahaso."

Kahaso aliuma mdomo.

"Nikaanguka hapa hapa. Nikasema basi, limepita. Mchana akapiga tena. Alasiri tena. Nikisali, analia. Nikilala, analia. Hili ni jaribio tu. Hili ni jaribio tu. Nikaanza kumjibu. Unasikia? Nikaanza kumuuliza, jaribio la nini, Sufyan? La kunipima mimi? Niliogopa akili yangu."

"Ungeizima simu."

"Niliizima. Nikakaa nikaitazama. Nikaona nimemfungia mtu mlango, naye yuko nje ananiita. Nikaiwasha."

"Ungewaambia ofisini."

"Nilimtuma kaka yangu Hilal kwa Menza. Menza akamwambia ni mambo ya mitambo, yatatulia yenyewe. Mimi siwezi kutoka, Kahaso. Siwezi kwenda kusimama mbele ya wanaume nikawaomba wamnyamazishe mume wangu. Nikaitoa kompyuta sandukuni. Nilitaka kuiondoa namba yetu tu, wallahi. Mtambo ukakataa, namba zina kufuli jingine. Nikajaribu kwenye sauti. Nilijua itakataa vile vile, maana Mpimaji hakuwa na ruhusa hiyo, nilimtengeneza kwa mkono wangu. Ikakubali."

"Ukafuta."

"Sikufuta!" Kwa mara ya kwanza alipaza sauti. "Nimemchukua, nimemweka humu. Yuko mzima. Nilitaka anyamaze, Kahaso. Sikutaka aondoke."

Kahaso aliondoa kofia ya kazi, akaiweka sakafuni. Alimshika mkono shoga yake, ukawa mwepesi na baridi, akaushikilia.

Lakini maji yalikuwa njiani.

"Raiya, mto umejaa."

"Mto gani?"

"Sabaki. Kesho alfajiri maji yatakuwa bondeni, na mashine hazipigi simu bila ile sauti. Kule hawajui lolote."

"Nani aliniambia mimi?" Macho ya Raiya yalimtoka. "Humu ndani hakuna redio. Wanaokuja wananisomea dua tu. Kahaso! Mama yako bado yuko kule?"

"Yuko."

Raiya alinyanyuka upesi mpaka akajikwaa kwenye mswala. Alitoa kompyuta chini ya mto, akaifungua, akaketi nayo mapajani. Vidole vyake vilijua njia. Kahaso alimpigia Kenga, akaweka spika, akaiacha simu sakafuni kati yao.

"Kenga, unaye Bi Raiya hapa. Sauti anayo."

"Alhamdu..." Kijana alijirekebisha. "Asante, Mungu. Shikamoo, Bi Raiya. Pole kwa msiba. Nisamehe."

"Marahaba, mwanangu. Tutasameheana baadaye. Mpimaji bado ana ruhusa ya kuandika?"

"Anayo. Sijaigusa."

"Nikimaliza, mwondolee. Ulimpa nyingi mno." Akatulia, vidole juu ya vitufe. "Nikiirudisha, itakuwaje?"

"Nitaendesha jaribio. Likifaulu, mashine zinapiga vijijini."

"Na jaribio litapiga hapa."

"Litapiga, Bi. Namba zina kufuli la wakubwa wa Nairobi, nimeomba ruhusa lakini haijaja. Labda uizime simu yako kwa muda..."

"Jaribio litashindwa. Lazima zipokelewe zote. Sharti hilo nililiandika mimi."

Kahaso alimtazama rafiki yake. Angeweza kuichukua ile simu, akaipokea yeye nje kibarazani. Alikuwa amekwisha kuinyooshea mkono.

"Iache," alisema Raiya, na akabonyeza.

Simu ililia. Raiya aliiacha ilie kidogo, kisha akaipokea, akafungua spika. Sauti ikajaa chumbani, nzito, ya taratibu, yenye Kiswahili cha watu wa mji wa zamani, kile ambacho Bi Kamaria alikuwa akikisema kwenye kibaraza kile na ambacho Kahaso hakisikii siku hizi ila misibani.

"Jamaa zangu wa kando ya mto, salaam aleikum na hamjambo nyote. Mimi ni Sufyan. Hili ni jaribio tu, msihame. Kaeni kwa amani."

Jogoo aliwika. Raiya alifumba macho, machozi yakamtiririka bila kelele, asiyafute.

"Limefaulu, afande," Kenga alisema kutoka sakafuni. "Napiga vijijini sasa."

Kahaso alitoka hadi ukumbini, akampigia mama yake. Namba ilikuwa inatumika. Alijua inatumiwa na nani, akaegemea ukuta wa nyumba aliyokulia nusu ya utoto wake, akalia kidogo kwa ajili ya baba, na mizani, na Bi Kamaria, na wote wasioweza kupiga simu. Kisha akajipangusa, akarudi ndani kuandika taarifa.

"Utanikamata?" aliuliza Raiya.

"Nitaandika ulivyosema, neno kwa neno, utie sahihi. Mlalamikaji ni Menza, na nina maswali yangu kwake kuhusu ujumbe aliopewa na Hilal. Mengine ataamua mwendesha mashtaka. Lakini hakuna askari atakayekutoa humu kabla eda yako haijaisha. Hilo nitalisimamia mimi."

"Ni kosa, lakini."

"Ni kosa."

"Watu wangekufa."

"Wangekufa, Raiya."

Mjane alitikisa kichwa, akaipokea adhabu hiyo kabla ya nyingine zozote. Alitia sahihi kwa mwandiko wake ule mzuri ambao walimu waliwaonyesha wengine. Kompyuta aliifunika, akaipangusa kwa mtandio, akamkabidhi Kahaso pamoja na modemu kuwa vielelezo.

Simu ya Kahaso iliita. Alikuwa Kenga. Kahaso alisikiliza, akaiziba kwa kiganja.

"Nairobi wamefungua kufuli la namba. Anauliza aitoe yako?"

Raiya alitazama ile simu kwenye kiti.

"Kwenye majaribio aitoe," alisema. "Aiweke kule kwa watu wa mto."

"Maji ya mto hayafiki Shela, shoga yangu."

"Najua hayafiki. Lakini siku anaposema kweli, na mimi nataka niambiwe."

Kahaso aliinua simu sikioni, akampa Kenga namba hiyo tarakimu moja baada ya nyingine, akangoja mpaka kijana aliposema imeingia.